Kiti Kilichomngoja Karani

Nyumba ya mwana wa Karani iko ng'ambo ya ua wa michongoma, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya sebuleni, Karani angeweza kumwambia afya akiwa kwenye baraza lake. Aliiona ikichimbiwa msingi. Aliiona ikipanda tofali kwa tofali, ikaezekwa mabati ya kahawia, ikapakwa rangi. Fundi wa mwisho alipobeba ngazi yake na kuondoka, Karani hakuiona tena ila kwa nje. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo heshima yetu, kwa Kigusii tunaiita chinsoni, na asiyeijua atadhani nasimulia habari ya baba na mwana waliokosana. Hawakukosana hata siku moja.

Shida ni kwamba katazo hilo lilimwangukia mtu mdadisi kuliko wote niliowahi kuwajua.

Jina lake silitaji, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai, aliyepima majani yetu na kuyakataa yaliyokomaa, na alipostaafu cheo kikabaki kuwa jina. Mimi ni jirani yake. Hapa Nyansiongo sote ni watu wa kuja: mashamba yalikuwa ya walowezi, kisha wazee wetu wakagawiwa vipande, huyu katoka pande za Nyamarambe, yule pande za Nyakoe, na watu wa koo mbalimbali wakajikuta wanachota maji kijito kimoja. Kwa hiyo mimi na Karani hatukuwa na undugu wa kuoneana haya. Nilimtania naye akanitania, tena mbele ya watu. Lakini zile desturi za nyumbani kila mmoja alikuja nazo, zikafika kabla ya masufuria.

Neno lake lilikuwa "itakuwaje." Lori la kiwandani halijawahi kufika kwa wakati tangu nilipoolewa, na mtu akishapimiwa majani yake hana pa kwenda mpaka lipakiwe. Basi tuliketi juu ya mabenchi ya kituo, vikapu miguuni, mvua ya alasiri ikipiga mabati, naye Karani akiwa ameegemea nguzo ya mizani.

"Itakuwaje mtu akiamua kuishi kinyumenyume," aliuliza siku moja, "asubuhi ale ugali, jioni anywe uji?"

"Atakuwa na njaa asubuhi yote inayofuata," nikamjibu.

"Umejaribu?"

"Sijajaribu."

"Sasa umejua aje?"

Hapo ndipo alipotuchosha. Hakutaka jibu la kukisia. Wala yeye mwenyewe hakujaribu, na nilipomwambia hivyo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alikuwa mtu mwenye maswali ya kichaa na maisha yaliyonyooka kama mstari wa chai. Koti lile lile, njia ile ile kwenda kanisani kila Sabato, kiti kile kile cha tatu kutoka mlangoni. Ukimsikia ungedhani kesho atapanda mlima kwa mikono. Kesho ilipofika ulimkuta anafagia kituo.

Kulikuwa na mti mmoja wa chai karibu na choo chake. Watu wa mijini hawajui, lakini chai ikiachwa bila kuchumwa wala kukatwa haibaki kichaka cha kiunoni. Inakua mti kamili wa kukwea. Karani alitamani kuuona. "Mmoja tu," alisema. "Huu nitauacha, nione utafika wapi." Alisema hivyo miaka na miaka. Na kila zamu ya kuchuma ilipofika, mti ule ulichumwa pamoja na wenzake. Nilimkuta hapo mara nyingi, kikapu mgongoni, anautazama kwa aibu kidogo.

"Nimeuchuma tena," aliniambia. "Mkono umeenda wenyewe. Na ningeuacha watu wangesemaje? Chai ikiota kichaka kwa mtu, wanajua hapo kuna msiba ama kuna kesi ya shamba. Wangekuja kunipa pole."

Mwaka mwingine aliamua kuufuata mto. Kijito chetu kinateremka mpaka kinakutana na kingine, hicho nacho kinakutana na kingine, na mwisho wake ni ziwani. Hiyo tulifundishwa shuleni. Karani alitaka kutembea kando yake mpaka ayaone maji yakiingia ziwani, basi, halafu arudi. Akachagua Jumapili, maana sisi Wasabato Jumapili ni siku kama siku nyingine. Akavaa viatu vizuri, akatia mkate mfukoni, akashuka. Alifika darajani tu. Pale darajani alikutana na mwenzake wa kanisani anayeosha pikipiki.

"Bwakire, Karani. Unaenda wapi?"

Alinieleza mwenyewe, bila kujitetea. Alisema alifungua mdomo, akatafuta namna ya kumwambia mtu mzima mwenzake, aliyeshika tambara la povu, kwamba anafuata maji. Akakosa maneno. Akasema anaenda dukani kununua chumvi. Na kwa kuwa ameshasema, ilibidi aende dukani kweli, akanunue chumvi kweli, arudi nayo ipitie pale pale darajani ionekane. Nyumbani chumvi ilikuwapo.

"Mtu haogopi kufanya, Mama Kemunto," aliniambia. "Woga huisha. Ni kule kuulizwa unaenda wapi. Hapo ndipo safari nyingi zinageuka chumvi."

Nilicheka. Lakini jioni ile nilipokuwa napepeta maharagwe nilijikuta namfikiria. Mimi pia nina la kwangu. Tangu nikiwa mke mdogo nimetamani kulala mpaka jua la utosi siku ya kuchuma chai, mlango wazi, kila apitaye aone. Sina ugonjwa, sina msiba, nimelala tu. Sijawahi. Siku nilipolitaja pale kituoni, kila mwanamke akatoa la kwake. Mmoja anatamani kuitupa sufuria ya ugali nje, na ugali wake ndani, bila kumkasirikia mtu. Mwingine anatamani kuanza kuimba pambio katikati ya mkutano wa chifu. Tulicheka mpaka machozi. Kisha lori likaja, tukasimama, tukabeba, tukaenda nyumbani kupika ugali na kuugeuza vizuri na kuupakua.

Jambo moja tu la ajabu najua alilitenda. Wakati wa maombi marefu kanisani alijiuliza itakuwaje akifumbua macho, ni nani mwingine atakuwa amefumbua. Akafumbua. Watu wote walikuwa wameinama, macho yamefumbwa kama watoto walioogopeshwa, isipokuwa mtu mmoja, naye ni pasta mwenyewe, aliyekuwa anaomba kwa sauti kubwa huku anamtazama. Wakatazamana mpaka amina. Hawakuliongea kamwe, lakini tangu hapo pasta akawa anapita kwake kunywa chai.

Nisimfanye malaika. Kwenye mizani alikuwa mtu mgumu. Wiki niliyomzika mume wangu nilipeleka majani yaliyokomaa, maana nani alikuwa na moyo wa kuchagua majani mawili na chipukizi kama kiwanda kinavyotaka? Karani aliingiza mkono guniani, akaupindua, akasema, "Hii siwezi kupokea, mama." Mbele ya watu wote. Nilirudi nayo mgongoni nikilia kwa hasira. Zamu iliyofuata niliamka nikamkuta shambani kwangu, kikapu chake mgongoni, amekwisha maliza mistari ya juu, tena majani safi. Hakuomba msamaha. Wala hakuingia kunywa chai nilipomwita. Mpaka leo sijui nimhesabu kwa lipi kati ya hayo mawili, na nimechoka kujaribu.

Mkewe alikufa kabla ya ile nyumba kujengwa. Angekuwapo, yeye angeingia na kutoka, na Karani angepata habari zake kitandani kama wanaume wengine. Kwa kuwa hayupo, nilipewa mimi kazi hiyo. Mwana wa Karani alikuwa mwalimu wa sekondari, mkewe muuguzi, na mimi niliingia kwao kama ninavyoingia jikoni kwangu. Nikitoka tu, Karani alikuwa ameshasimama uani, anajifanya anakata michongoma.

"Kwa hivyo wameweka pazia?"

"Wameweka."

"Ya rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani ya chai ama kijani ya ndizi?"

"Ya ndizi. Mbona humwulizi mwanao? Si anakuja kwako kila jioni?"

"Hiyo siwezi kumwuliza. Ataona ni kama naomba kuingia."

Ni kweli mwanawe alikuja kwake kila jioni. Mwana haoni shida kuketi sebuleni kwa babaye. Ni baba ndiye asiyevuka. Walikunywa chai, wakasikiliza taarifa ya habari, wakabishana juu ya magavana. Kisha mwana akarudi kwake, na Karani akabaki anatazama taa ya dirisha lile. Alijua mpaka mahali pa meza yao, mpaka saa ya ukutani iliyosimama, mpaka kikombe kilichovunjika mkono. Alijua yote hayo kwa mdomo wangu.

Na alijua habari ya kiti. Nilimwambia wiki ile ile kilipoletwa. Mwanawe alitengenezewa na seremala wa Keroka kiti kizito cha mbao, chenye mikono mipana, akakiweka hapo hapo mlangoni ukiingia, kikitazama nje. Juu yake mto mwekundu, ungali ndani ya nailoni ya dukani. Nilitaka kukikalia, mke wa mwalimu akanizuia kwa upole.

"Hicho ni cha Tata," alisema, maana Karani walimwita Tata, yaani baba. "Mwalimu amesema hata watoto wasikikalie. Anasema nailoni itatoka siku Tata ataingia."

"Na Tata ataingia lini?"

"Mwulize aliyekileta."

Nikamwuliza mwalimu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema, "Mama, siku hizi wazee wengi wanaingia, wanakaa sebuleni, wanakula, hakuna kitu. Nimemwekea karibu na mlango ili asione kama ameingia sana." Nilipompelekea Karani maneno hayo, alikata tawi la michongoma ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Asione kama ameingia sana," alirudia. Kisha, "Itakuwaje nikiingia, Mama Kemunto?"

"Utakalia nailoni."

Alicheka, na mimi nikadhani ni swali kama maswali yake yote.

Pasta alimwambia aingie. Hakuna andiko linalomkataza baba nyumba ya mwanawe. Vijana walimwambia aingie. Mimi nilimwambia kila wiki. Ndugu yake mkubwa pekee, mzee wa Nyamarambe anayekuja mara moja moja na fimbo yake, ndiye aliyesema hapana, tena kwa sauti ndogo. Alisema baba akivuka mlango ule, jambo baya halimpati baba. Linampata mwana. Karani hakusema kama anaamini. Nadhani hakuamini. Lakini hakuwa na hakika, na mwanawe hakuwa mti wa chai wala mto.

Ndipo mwalimu akaugua figo.

Mwanzoni alikwenda mjini Kisii kusafishwa damu na kurudi kwa miguu yake mwenyewe kutoka barabarani, akapita kwa babaye, wakanywa chai kidogo, maana alikatazwa kunywa sana. Kisha akawa anarudi ameshikwa mkono. Kisha miguu ikavimba, na ule umbali mdogo wa kuvuka ua ukawa safari. Hapo tulipata dawa: asubuhi tulimtoa nje mpaka kwenye baraza lake, juu ya godoro, naye Karani akaja na kigoda akaketi upande wa nje wa baraza, kwenye nyasi. Walikaa hivyo, mmoja juu ya saruji, mwingine chini kwenye umande. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Mume wangu na babaye hawakuwahi kuzungumza hivyo.

Kumpeleka mgonjwa kwa babaye haikufaa. Mwanamume aliyetahiriwa, mwenye mke na nyumba, hawezi kulala nyumba ya wazazi wake. Lile nalo halifanyiki. Kwa hiyo nyumba zilikuwa mbili, na pa kulala pamoja hapakuwapo.

Mvua za masika zikaja. Sasa mtu hawezi kutolewa nje. Karani akahamia dirishani. Dirisha la chumba cha mgonjwa linaelekea migomba, na chini yake kuna mfereji wa maji ya paa. Alisimama hapo na mwavuli mweusi, gambuti zake ndani ya maji, akizungumza kupitia vyuma vya dirisha. Mimi na mke wa mwalimu tulimgeuza mgonjwa amwelekee. Ndani tuliona kofia na mwavuli na nusu ya uso. Aliongea kila siku. Alimwambia lori limechelewa, ng'ombe wa nani ameingia kwa nani, pasta amehubiri nini. Mgonjwa alipochoka kujibu, alitikisa kidole juu ya blanketi, na mimi nikamwambia Karani, "Amesikia."

"Mwambie ajifunike," Karani alisema.

"Amejifunika."

"Blanketi gani?"

"Ile ya bluu."

"Hiyo ni nyepesi."

Nilikasirika. Sitaficha. Siku moja nilitoka nje, mvua inanipiga, nikamshika mkono wa koti nikamwambia, "Karani, maisha yako yote unatuuliza itakuwaje. Si uingie tu! Blanketi si uiguse mwenyewe! Nani atakuzuia? Mimi?"

Maji yalimtiririka kutoka kofiani. Alinijibu taratibu, kama anamweleza mtu mgeni.

"Ingekuwa ni mimi nitakufa, ningekuwa nimeingia zamani. Ningeingia ile siku ya kwanza ya kiti. Lakini wanasema ni yeye. Sasa mama, hiyo jaribio nifanye na nani? Na huyu?"

Niliachilia koti lake nikarudi ndani.

Mke wa mwalimu naye alijaribu. Aliona labda tatizo ni yeye, mkaza mwana, kukutana na baba mkwe ndani ya nyumba, kwa hiyo akasema atatoka, atakwenda kwangu na watoto, mlango abaki nao Karani peke yake. Akatoka kweli, akaketi jikoni kwangu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mimi nilibaki na mgonjwa. Nikamsikia Karani akipanda baraza. Nikasikia gambuti moja ikivuliwa, halafu ya pili. Nikachungulia. Alikuwa amesimama kizingitini na soksi zake, mkono kwenye fremu ya mlango. Kile kiti kilikuwa karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mguu angekigusa.

Mgonjwa alisikia pia. Akakusanya sauti yake iliyobaki. "Tata," akasema kutoka chumbani, "ingia."

Mvua ilizidi. Nilimwona Karani akifumba macho. Nilidhani anaomba, na huenda aliomba. Kisha akainama, akazichukua gambuti zake mkononi, akashuka baraza na soksi, akazunguka nyumba kwenye matope mpaka dirishani.

"Niko hapa," alisema kupitia vyuma. "Niko hapa, mwanangu."

Mwalimu alifariki wiki hiyo hiyo, asubuhi, mkewe akimshika kichwa. Karani alikuwa dirishani. Mimi ndimi niliyevuta pazia la kijani, sikujua la kufanya lingine.

Mazishi yalikwenda kama mazishi. Watu walikula, walisema alikuwa mwalimu mwema, na ni kweli. Yule ndugu wa Nyamarambe alisimama akasema familia iliheshimu mambo ya heshima mpaka mwisho. Nilimtazama Karani aliposikia hayo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Baadaye mkaza mwana alipata uhamisho, akaenda na watoto karibu na kazi yake. Hakufukuzwa na mtu. Alichoka tu kuamka na kuona lile dirisha. Ufunguo aliniachia mimi, nimfungulie nyumba mara moja moja ipate hewa. Nilikuwa nafungua, nafagia, napangusa vumbi la kile kiti kwa kitambaa kikavu maana nailoni haipendi maji, halafu nafunga.

Karani alinyamaza. Sikumsikia tena akisema itakuwaje. Hakuja kituoni hata kukaa. Chai yake ilianza kuota kichaka, na ni kweli watu walikuwa wakipita wakitikisa kichwa, jinsi alivyosema watafanya. Ule mti wa karibu na choo ulinipita kimo, ukatoa maua meupe. Nilipomwonyesha alinitazama kama simfahamishi neno lolote.

"Huo umekua," nikamwambia. "Ulitaka kuuona."

"Sikuuacha," alisema. "Nimeusahau tu."

Asubuhi moja, mwezi huu uliopita, alikuja kwangu. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Alikuwa amevaa koti la Sabato, na haikuwa Sabato. Amenyoa ndevu. Viatu vyake ni vile vizuri, alivyovaa siku ya kufuata mto.

"Bwakire, Mama Kemunto."

"Bwakire, Karani."

"Naomba ufunguo."

Swali lilinifika mpaka kwenye meno. Nikakumbuka daraja na tambara la povu, nikalimeza. Nikainuka, nikatoa ufunguo chini ya kopo la majani, nikampa. Nikarudi kwenye mboga zangu. Sikumtazama alivyokwenda. Nilisikia tu kufuli likifunguka ng'ambo ya ua.

Niliipika ile mboga. Nililisha kuku. Wingu likaja kutoka upande wa Keroka kama kawaida, matone yakaanza, na Karani hajarudisha ufunguo. Nikapika chai, nikaitia kwenye chupa, nikajifunika gunia kichwani, nikavuka.

Mlango ulikuwa wazi. Viatu vizuri vilikuwa nje, vimepangwa pamoja ukutani mvua isivipate. Naye alikuwa ndani. Alikuwa amekalia kile kiti cha mlangoni, mgongo umenyooka, magoti pamoja, kofia juu ya magoti, jinsi mgeni anavyoketi nyumba ya watu wakubwa. Kila alipopumua nailoni ililia chini yake.

"Pazia ni kijani ya ndizi," alisema.

"Nilikuambia."

"Na saa imesimama."

"Imesimama."

Nikamimina chai. Aliipokea kwa mikono miwili lakini hakuinywa. Alitazama meza, saa, kikombe kisicho na mkono, mlango wa chumbani uliofungwa. Alivitazama kimoja kimoja kama anayehakikisha vyote viko pale nilipomwambia. Kisha akatazama nje, kwenye mvua, kule kwenye baraza lake mwenyewe, ambalo nadhani hakuwahi kuliona kutoka upande huu.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema. "Nimengoja."

"Umengoja nini?"

"Chochote. Hakuna kitu kimetokea, Mama Kemunto. Nimeingia, nimekaa. Hakuna kitu kimetokea."

Nilitaka kumwambia kwamba wakati ule hakuna aliyejua. Nilitaka kumwambia kwamba mwanawe alisikia kila neno la dirishani, na hilo ni kweli, ningeweza kuapa. Lakini nikalia, na yeye hakulia. Aliniacha nilie nimalize. Nailoni ilikwaruza tena alipoweka kikombe sakafuni.

"Nitoe hiyo?" nikamwuliza.

Hakunielewa mara moja. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Toa," alisema.

Akainuka kidogo, mikono yote miwili imeshika mikono ya kiti, nami nikainama, nikaivuta nailoni kutoka chini yake.